Mwalimu Aliyetukataza Kusimama Mlangoni

Kitu kilichomkasirisha Mwalimu haraka kuliko vyote ni mtu kubisha mlango wake kisha abaki amesimama hapo, mikono nyuma, akingoja. Alitokeza kichwa na kumwuliza kama kwao hakuna kazi. "Si umebisha? Nimesikia. Sasa enda ufanye mambo yako, nikiwa tayari nitakuita." Majirani pale mtaani Kianda walisema ana dharau. Sisi wanafunzi wake tulisema ni mafunzo, ingawa dharau kidogo nayo ilikuwamo, sitamsafisha zaidi ya alivyokuwa.

Jina lake silitaji kwa sababu hata tulipokuwa naye hatukulitumia. Mama huyu alikuwa Mwalimu kwetu, kwa wauza sukuma wiki na kwa mwenye ploti aliyemkodisha chumba. Alitoka wapi kabla ya Kianda sikuwahi kumwuliza, na waliomwuliza waliishia kuulizwa wao. Ninachojua ni kwamba alikuwa na chumba cha mabati kilichojaa kompyuta zilizotumiwa na watu wengine kabla yetu, na kwamba mvua ikipiga mabati hadi sauti yake isisikike, alichukua chaki akafundisha kwa kuandika ukutani, bila kukatiza sentensi.

Namwandika sasa kwa sababu watu wa Kawangware wamekuwa wakimsimulia kwa namna yao, na inanichoma. Wanasimulia habari ya siku moja tu, ile ya kliniki. Wanasimulia pia kwamba yeye na rafiki yake, nesi tuliyemwita Sista, hawakusemeshana tena tangu siku hiyo. Kwa muda mrefu hilo lilikuwa kweli. Lakini huwezi kulielewa kama hujui alivyotufundisha kungoja.

Somo alilolipenda lilikuwa moja: namna programu iliyo kwenye mashine yako inavyoiomba mashine nyingine iliyo mbali iifanyie kazi, bila yenyewe kusimama na kukodoa macho hadi jibu lirudi. Programu inayoomba aliiita mteja, na ile inayojibu ni seva. Mteja mjinga, alisema, huomba kisha akaganda, na kioo chote cha kompyuta kikaganda naye, mtu akadhani imekufa. Mteja mwenye akili huomba, akaacha njia ya kurudishiwa jibu, akaendelea na kazi nyingine.

Alitufundisha hayo kwa chapati. Ng'ambo ya njia alikuwako Mama Chapo, aliyekaanga kwenye kibanda chenye moshi mwingi, na katikati ya somo Mwalimu alimtuma mmoja wetu akaagize za darasa zima. Siku ya kwanza alikwenda jamaa mmoja mrefu. Akaagiza, akasimama pale jikoni hadi zikaiva, akarudi nazo ametoa meno yote nje, akakuta tumemaliza sehemu kubwa ya somo.

"Ulikuwa unafanya nini huko?" Mwalimu akamwuliza.

"Nilikuwa nangoja chapo, Mwalimu."

"Kwani zinaiva haraka ukiziangalia?"

Tulicheka hadi jamaa akacheka naye. Safari iliyofuata alinituma mimi. "Wewe wa Soweto," akasema. Ndivyo alivyoniita kwa sababu nilitoka Soweto East, na hakubadilisha hata nilipohamia kwingine. "Enda uagize, umwachie namba yako, urudi tuendelee. Zikiwa tayari atakuflash." Kuflash ni kule kumpigia mtu simu na kuikata kabla hajapokea, ajue tu kwamba unamtaka. Niliagiza, nikarudi, tukaendelea. Baadaye simu yangu ikalia mara moja ikanyamaza, nikaenda kuzichukua. "Sasa hiyo ndiyo code yenyewe," Mwalimu akasema chapati ikiwa mdomoni. "Kuna wa kuniuliza swali?" Hakuna aliyeuliza, sote tulikuwa tunakula.

Halafu ikaja siku ambayo jamaa mrefu ndiye aliyeagiza, na simu yake haikulia. Tulikaa, tukaandika, matumbo yakanguruma. Yule jamaa mrefu hakuvumilia.

"Mwalimu, hizi chapo si ziliiva kitambo?"

"Umeflashiwa?"

"Bado."

"Basi kaa."

Alituacha na njaa hadi mwisho wa somo, ndipo akatuongoza sote kuvuka njia. Chapati zilikuwa zimepangwa juu ya sinia, zimefunikwa kitambaa, baridi kabisa. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi na simu ya Mama Chapo ilikuwa imezima. Alikuwa amekasirika kuliko sisi. "Kwani mlikuwa wapi?" akatufokea. "Nimewawekea hadi zimepoa! Nikasema hawa wamepata chapo kwingine, hawanitaki tena." Mwalimu alimwomba msamaha mbele yetu, kwa upole ambao hatukuujua kwake. Tulipokuwa tunarudi akasema, "Mmeona? Jibu lilikuwa tayari. Njia ndiyo haikuwa."

Tangu hapo hakukubali programu isiyo na alichokiita mikono mitatu. Mkono wa kwanza hupokea jibu. Wa pili hupokea kukataliwa. Wa tatu ni wa ukimya: muda uliopanga ukiisha na hujasikia lolote, mteja aamke afanye jambo, ajaribu tena, na amwambie mtu aliye mbele ya kioo kwamba hakuna habari. Wengi wetu tuliuruka huo wa tatu, maana mashine zetu zilikaa meza moja na zilijibizana papo hapo. Mwalimu alijua. Alikuja nyuma yako polepole wakati unamwonyesha mwenzako kazi yako, akachomoa waya wa netiweki, akasimama pale amekunja mikono akiangalia kioo. Kama programu yako iliendelea kutabasamu kana kwamba mambo yako sawa, umeanguka. "Hii programu yako inadanganya watu," alikwambia, na neno hilo ulilala nalo.

Ni wakati huo tu wa kukunja mikono ndipo alipokuwa bila kazi mikononi. Vinginevyo sikuwahi kuiona mikono yake imetulia. Akisubiri kompyuta iwake alimenya minji, yaani njegere mbichi. Akisubiri kompyuta iliyokufa irudi kutoka kwa fundi alishona kola ya shati. Alibeba beseni dogo la plastiki ndani ya mfuko wake popote alipokwenda, hata kanisani, ingawa huko nadhani hakulitoa. Kwake kungoja bila kufanya kitu lilikuwa jambo la aibu, na ukimweleza kwamba wengine tunapenda kukaa tu kidogo, alikutazama kwa huruma.

Hata hivyo, mama huyu alikuwa na visirani vyake. Alituhubiria kuacha njia ya kurudishiwa jibu, lakini simu yake mwenyewe hakuipokea hata siku moja. "Kupokea simu ni kukubali kusimamishwa," alisema. "Andika ujumbe, nitakujibu." Na kweli alijibu, ila kwa wakati wake, na wakati wake ungeweza kuwa keshokutwa. Alichukia foleni ila nilimwona akipanga foleni ya maji wakati jirani alikuwa amejitolea kumpangia. Alisema hana haja na watu wa kupiga soga. Lakini kila jioni alisimama kwenye mlango wa Sista, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mguu mmoja ndani na mmoja nje, beseni la minji limebanwa kiunoni, na hapo soga zikapigwa hadi ugali wa watu ukaungua. Huo ndio mlango pekee aliposimama bila kujali. Nilimwambia hivyo siku moja. Akasema mlango wa Sista hauhesabiki.

Sista alikuwa mnene, mwenye kicheko kikubwa, na alimtania Mwalimu kwa yale ambayo hakuna mwingine angethubutu. "Nyinyi mnamwogopa huyu?" alituuliza. "Huyu akiona panya anapanda juu ya kitanda changu, si chake, changu!" Baadaye alipata kazi kwenye kliniki ndogo ya wazazi huko Kawangware, upande wa Riruta, akahamia karibu na hapo. Mwalimu alilalamika wiki nzima kwamba minji imekuwa migumu.

Sista ndiye aliyeleta ile kazi. Kliniki yao haikuwa na gari la wagonjwa. Mama mjamzito akizidiwa, ilibidi nesi apige simu mjini, ashike simu sikioni akingoja kupokelewa, huku mkono mmoja tu ukibaki wa kumshika mgonjwa. Sista alimwambia Mwalimu, "Si wewe ndiye wa kuomba na kuendelea na kazi? Nitengenezee." Sikumwona Mwalimu akifurahi hivyo tena. Aliitengeneza ile programu kwa mikono yake, mimi nikiwa nimekaa kando nikisoma na kuuliza. Nesi angegusa kitufe kimoja, ombi likaenda kwa seva ya watu wa magari ya wagonjwa, kioo kikaandika kwa kijani kwamba ombi limetumwa, na nesi akarudi kwa mgonjwa mikono yote miwili ikiwa huru. Jibu likirudi, kioo kingeonyesha gari liko wapi. Na kama jibu halikurudi, mkono wa tatu ulikuwapo: kioo kiligeuka chekundu na kompyuta ikapiga kelele ya kuamsha ploti nzima, nesi ajue atafute njia nyingine.

Ilifanya kazi vizuri. Kasoro ilikuwa moja, na hiyo ni ya netiweki ya mtaa, inayopotea na kurudi kila mara. Mara nyingi ombi lilifika na gari likaja, lakini katikati hapo kelele ilikuwa imeshalia. Wamama waliokaa kwenye benchi walishtuka. Mmoja alilia akidhani mwenzake amefariki chumba cha ndani. Sista akaja Kianda siku yake ya mapumziko, akasimama mlangoni mwa Mwalimu na kucheka kwake kote.

"Rafiki yangu, hiyo kelele yako inanitesea wamama. Itulize."

"Nikituliza utajuaje hakuna jibu?"

"Kwani si inajaribu tena yenyewe?"

"Inajaribu."

"Basi iwache ijaribu polepole. Si lazima itupigie nduru."

Nilikuwapo. Niliona Mwalimu akisita, kidole juu ya kibodi. Angekuwa mmoja wetu amemwomba hivyo, angemfukuza. Lakini alikuwa Sista, na sababu yake ilikuwa ya huruma, na mtaani kwetu nani angekataa kuwatuliza wamama wenye uchungu? Akaizima kelele na wekundu wote. Programu ingejaribu tena na tena kimyakimya, kijani kikibaki pale pale. Alisema angetafuta alama nyingine ya pole baadaye. Sista akamletea minji siku ile, nakumbuka, mfuko mzima.

Siku yenyewe mvua ilinyesha mchana. Mama mmoja aliyekuja kujifungua akaanza kutokwa na damu nyingi, Sista akagusa kitufe, kioo kikaandika kijani, akarudi kwa mgonjwa. Kila alipoinua macho alikuta kijani. Aliamini gari liko njiani. Kuna mwenye probox, gari dogo la abiria, aliyekaa nje ya kliniki akiliegemea, ambaye angewapeleka hospitali mara moja kama angeombwa, na mumewe yule mama alitaka kumwomba. Sista akamwambia asubiri, ambulansi imeshaitwa. Netiweki ilikuwa imelala tangu mvua ianze. Ombi halikutoka nje ya ile kompyuta. Walipogundua, walimkimbiza mama kwa ile probox. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Mtaa haukujua mambo ya mteja na seva. Ulichojua ni kwamba nesi alimkataza baba kuita gari. Walimsema Sista sokoni, kanisani, kwa jirani. Kliniki haikumfukuza, lakini wamama wengine walianza kuulizia kama yuko zamu kabla ya kuingia. Mwalimu alikwenda kwa wale wazazi. Alikwenda mwenyewe, mimi nikamsindikiza hadi getini, akawaambia kwamba ile mashine ni yeye aliyeitengeneza na kwamba iliwadanganya. Yule baba alimsikiliza, kisha akamwuliza kwa sauti ya chini, "Na nani alikwambia uinyamazishe?"

Mwalimu hakumtaja Sista. Alisema ni yeye, basi. Na hapo ndipo nilipoelewa kilichomfunga asiende kwa Sista. Hakuwa na namna ya kumwambia "kosa ni langu" bila wote wawili kusikia sauti ya Sista mlangoni ikisema itulize. Kumwomba msamaha ilikuwa kumkumbusha. Kunyamaza ilikuwa kumwachia lawama za mtaa mzima. Alichagua kumwandikia ujumbe, alivyozoea. Alinionyesha: "Nisamehe. Nikija utanifungulia?" Akautuma, akaingoja simu.

Hakujibiwa. Mimi niliirudishia kliniki kelele yao, kubwa zaidi ya kwanza, na Sista alinipokea vizuri, akanipa chai, hakumtaja Mwalimu hata kwa kuteleza ulimi. Nami nikaogopa kumtaja. Mwalimu akafunga darasa, akahama Kianda bila kutuaga. Chumba chake sasa ni cha kinyozi, na ukutani, chini ya rangi mpya, bado unaona chaki yake ukikaa kwenye kile kiti cha mwisho.

Nilimkasirikia, acha niseme. Nilimkasirikia kwa kuvunja kanuni ambayo alituadhibu nayo kwa miaka. Nilimkasirikia zaidi kwa kutoweka, kwa sababu tulibaki wengi tukiandika programu mjini, tukifikia pale pa mkono wa tatu, na hatuna wa kuja kutuchomolea waya. Wakati mwingine natengeneza kazi yangu, nageuka nyuma kuangalia kama amesimama pale.

Nilimkuta mwaka huu, sikutarajia. Nilikuwa nimekwenda kliniki kuangalia ile kompyuta, na nilipotoka nikamwona kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, amekaa akitazama geti la kliniki, beseni mapajani, akimenya. Amekonda. Nywele zimeingia mvi mbele.

"Wewe wa Soweto," akasema, kana kwamba tuliachana jana.

"Mwalimu! Unafanya nini huku?"

"Nangoja."

Mwenye kibanda, mama mchangamfu, akaingilia huku akinimiminia chai. "Huyu ni customer wangu wa kila wiki. Anakaa hapo, anamenya, anaenda. Hata hatujui anangoja nani."

Nilijua. Nikakaa. Simu yake ilikuwa juu ya meza, kioo kikitazama juu, na kila mara macho yake yaliiangukia.

"Sista hajakujibu?"

"Bado."

"Tangu ule ujumbe?"

"Labda hajawa tayari. Akiwa tayari atanijibu. Mtu hasimamiwi mlangoni."

Hapo nikashikwa na hasira, ile ya siku nyingi. "Mwalimu, mkono wa tatu ni wa nini?"

Aliacha kumenya.

"Si wewe ulitufundisha? Ukimya ukizidi, mteja anaamka. Sasa wewe umekaa hapa kijani tu, unatuma, unangoja, unamenya minji. Hii ni programu gani? Angekuwa mwanafunzi wako, ungemwangusha!"

Mama wa kibanda alinitazama kwa mshangao, kwamba namsemesha mtu mzima hivyo. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

"Naogopa," Mwalimu akasema. "Nikienda aniambie hapana, hiyo nitaibeba. Lakini nikienda aniambie ndiyo, kisha tukae tukitazamana, kila mmoja akijua mwenzake anakumbuka nini? Hiyo siiwezi."

 Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumwambia. "Mwalimu, unakumbuka zile chapo zilizopoa?"

 Kisha akaweka beseni juu ya meza, akakung'uta maganda kwenye sketi, akainuka. Nikamwonyesha simu yake. "Iache," akasema. Akavuka barabara bila kuangalia, bodaboda ikampigia honi, akafika kwenye geti la kliniki, akabisha.

Lilifunguliwa na Sista mwenyewe, amevaa sare. Hakucheka. Walisimama hivyo, geti nusu wazi, mmoja ndani na mmoja nje, na watu wakipita kati yetu sikuweza kuona nyuso zao vizuri. Niliona mikono ya Mwalimu. Ilikuwa imening'inia tu, mitupu, na hakuwa anajua aiweke wapi.

Kisha sauti ya Sista ikavuka barabara yote, kali, karibu na kilio. "Kwani ulikuwa wapi?"

Kama Mwalimu alijibu, sikusikia. Hakuondoka. Geti halikufungwa na halikufunguliwa zaidi. Mama wa kibanda akaniuliza kama niongezwe chai, nikatikisa kichwa. Nilivuta lile beseni mapajani, nikaanza kumenya minji yake, kwa sababu hivyo ndivyo alivyonifundisha kungoja.